Mkanda tumboni mwa gavana: kisa cha Chris Christie

Jumamosi ya tarehe 16 Februari 2013, Chris Christie, gavana wa jimbo la New Jersey nchini Marekani, aliingia hospitali jijini New York akiwa ameandikishwa kwa jina la bandia. Upasuaji ulichukua kama dakika 40, na siku hiyohiyo akarudi nyumbani. Kwa karibu miezi mitatu wapiga kura wake hawakujua kwamba kiongozi wao anatembea na mkanda wa silikoni wa kupunguza uzito uliofungwa kwenye tumbo lake la chakula. Habari ilitoka mwanzoni mwa Mei, kupitia gazeti la New York Post.

Waandishi wa siasa walikuwa na swali moja tu: je, huyu bwana anajiandaa kugombea urais 2016? Mwenyewe alijibu kwamba amehangaika na uzito kwa miaka 20, sasa ametimiza 50, ana watoto wanne na anataka kuwepo wakikua. Kugombea aligombea, na akajitoa mapema, lakini hayo tuwaachie wao. Swali langu ni la kitabibu. Kwa nini mkanda, na kwa nini mwaka ule? Kwa makadirio ya chama cha madaktari wa Marekani wanaofanya upasuaji wa kupunguza uzito, mwaka 2011 mikanda ilikuwa asilimia 35 ya upasuaji wote wa aina hiyo nchini humo. Mwaka 2013 ilishuka hadi asilimia 14, na mwaka 2018 ikabaki asilimia 1 na ushee. Gavana aliupokea mkanda wakati madaktari wengi wameshaanza kuukimbia.

Tuanze na mgonjwa. Uzito wake hakuutangaza, ila unene wake ulikuwa wazi kwa kila mwenye televisheni. Alikuwa pia na pumu, na Julai 2011 iliwahi kumpeleka hospitali. Mwanzoni mwa Februari 2013 alikwenda kwenye kipindi cha David Letterman, mchekeshaji aliyekuwa amemfanya mzaha wake wa kila mara, akatoa donati mfukoni na kuila mbele ya kamera. Ukumbi ukaangua kicheko. Siku hizohizo Connie Mariano, aliyewahi kuwa daktari wa Ikulu ya Marekani, akasema hadharani kwamba anahofia Christie akiwa rais anaweza kufia madarakani. Christie akamjibu kwa ukali kwamba bora anyamaze. Hazikupita wiki mbili akawa amelala kwenye meza ya upasuaji. Sasa, upasuaji wa namna hii haupangwi juu juu: kuna vipimo vya moyo na mapafu, kuna kukaa na mtaalamu wa lishe, kuna mahojiano na mwanasaikolojia. Yaelekea siku ile anaitafuna donati, tarehe alikuwa nayo tayari.

Vigezo vya kumpa mtu mkanda Marekani vilikuwa vimelegezwa miaka miwili kabla. Mkanda ulipoidhinishwa huko Juni 2001, ulikuwa wa mtu mwenye BMI (kipimo cha uzito kwa kulinganisha na urefu) ya 40 na kuendelea, au 35 ikiwa ana ugonjwa unaotokana na unene kama kisukari au shinikizo la damu. Mtu mwenye urefu wa mita 1.70 anafika 40 akiwa na kilo 116 hivi. Februari 2011 mamlaka ya dawa na vifaa tiba iliruhusu hata mwenye BMI ya 30 aliye na ugonjwa kama huo, kwa mtu huyohuyo ni kama kilo 87. Soko likafunguliwa zaidi wakati wateja wanaanza kupungua.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Mgonjwa akishalazwa usingizi, daktari hutoboa matundu machache madogo na kujaza gesi ya kaboni dayoksaidi ili ukuta wa tumbo uinuke apate nafasi, kisha huingiza kamera na vyombo vyembamba. Huupitisha mkanda nyuma ya sehemu ya juu kabisa ya tumbo la chakula, chini kidogo ya pale umio unapoishia, akaufunga kwa mbele. Kwa kawaida hushona pia mkunjo wa tumbo juu ya mkanda ili usiteleze. Hakuna kinachokatwa, hakuna utumbo unaohamishwa. Tumbo linabaki zima, ila limepata umbo la kibuyu: juu kijisehemu cha mililita 15 hadi 30, halafu kiuno, halafu tumbo lote lililobaki.

Upande wa ndani wa mkanda kuna puto, na puto hilo limeungwa kwa mrija na poti. Poti ni kidude cha duara chenye uso wa mpira mgumu, kilichoshonewa juu ya misuli ya tumbo, chini ya ngozi na mafuta. Ukiingiza maji ya chumvi kwenye poti, puto linavimba na kiuno cha tumbo kinabana zaidi. Ukiyavuta, kinalegea. Kila kitu kingine kuhusu mkanda, kizuri na kibaya, kinatokana na jambo hilo.

Aliyeanza kutumia mkanda wa silikoni wenye puto linalojazwa, mwaka 1986, ni daktari Lubomyr Kuzmak, mtu wa asili ya Ukraina aliyekuwa akifanya kazi New Jersey, jimbo hilohilo la gavana wetu. Wakati huo ilibidi tumbo lipasuliwe wazi. Aliyeuweka mkanda huo kwa njia ya matundu kwa mara ya kwanza ni Mitiku Belachew, mzaliwa wa Ethiopia aliyesomea udaktari Ubelgiji, katika mji wa Huy, Septemba 1993. Sijui kwa nini jina hili halitajwi zaidi upande wetu huu wa Afrika. Kifaa kilichowekwa kwa maelfu na maelfu ya watu kilipata njia yake ya kisasa mikononi mwa Mhabeshi.

Turudi kwa Christie. Mtu akitoka kwenye upasuaji mkanda huwa mtupu au una maji kidogo sana, kwa kuwa tumbo limevimba na linahitaji kupona. Wiki za kwanza anakunywa vitu vya majimaji, kisha vilivyopondwa, kisha chakula kigumu taratibu. Uzito unaopungua hapo unatokana zaidi na mlo huo. Ujazaji wa kwanza huja baada ya wiki nne hadi sita, na hapo ndipo tiba inapoanza.

Ujazaji hauhitaji chumba cha upasuaji. Mgonjwa analala chali, daktari anamwambia ainue kichwa kidogo ili misuli ya tumbo ikaze, halafu anapapasa kwa vidole mpaka aisikie poti. Anasafisha ngozi. Anachoma kwa sindano maalumu ambayo ncha yake imepindwa ili isimege mpira wa poti, akiisukuma mpaka aisikie imegota kwenye sakafu ngumu ya poti. Anavuta maji kwanza aone kama yaliyomo ni yale yaliyoandikwa kwenye faili, maana yakipungua bila sababu kuna mahali panavuja. Kisha anaongeza, mara nyingi mililita moja au pungufu. Mgonjwa anaketi, anapewa maji anywe. Yakishuka vizuri anaruhusiwa kwenda. Yakikwama, sindano inarudi na maji kiasi yanatolewa palepale.

Baada ya wiki kadhaa anarudi, anaulizwa maswali ambayo ukiyasikia kwa nje unaweza kudhani ni mazungumzo tu. Njaa inarudi baada ya saa ngapi? Unamaliza sahani yote? Unatapika? Usiku unakohoa ukilala? Mwenye njaa ya mara kwa mara anaongezewa. Anayetapika, anayeungua kifua, anayekimbilia vyakula laini kwa sababu nyama na mkate vinamkwama, huyo anapunguziwa, hata kama mwenyewe anaomba aongezewe. Wengi huomba. Mgonjwa anadhani mkanda ukibana zaidi atapungua zaidi, kumbe mkanda uliobana kupita kiasi unamfukuza kwenye chakula cha kutafuna na kumsukuma kwenye aisikrimu.

Hapa kuna jambo ambalo hata madaktari lilichukua muda kulielewa. Mwanzoni ilidhaniwa mkanda ni kizuizi: kijisehemu cha juu kinajaa chakula, mtu hawezi kuendelea. Timu ya Melbourne, Australia, ya madaktari Paul O'Brien na John Dixon, iliona vingine. Mkanda ukiwa umerekebishwa sawasawa, tonge lililotafunwa vizuri linapita kiunoni kwa misukumo kadhaa ya umio, ndani ya dakika moja hivi, na kijisehemu cha juu hakipaswi kubaki kimejaa. Mgandamizo wa mkanda kwenye ukuta wa tumbo, ukiongezeka kidogo kila tonge linapopita, ndio unaopeleka taarifa ya shibe kwenye ubongo, kwa maelezo yao, kupitia mishipa ya fahamu ya sehemu ile. Mwenye mkanda unaofanya kazi hazuiliwi kula. Anakosa hamu ya kuendelea.

Christie alilieleza hili vizuri kuliko vipeperushi vingi. Aliliambia gazeti kwamba alikwenda kwenye mgahawa wa nyama, akaagiza stiki, akala kama theluthi yake, akashiba. Hakusema ilimkwama wala hakusema alitapika. Kufikia siku habari inatoka, magazeti yaliandika kwamba amepungua karibu ratili 40, yaani kilo 18. Kwa miezi mitatu na mkanda ambao bado uko kwenye marekebisho ya mwanzo, ni mwendo mzuri kabisa.

Shibe hiyo ina masharti. Tonge liwe dogo, litafunwe mpaka lilainike, lisubiriwe lipite kabla ya jingine. Anayekula haraka kama tunavyokula kwenye daladala au matatu atapata maumivu ya kifua, mate yatajaa mdomoni, na kile alichokula kitarudi. Sharti kubwa zaidi ni kwamba mkanda hauna habari na vitu vya majimaji. Soda, juisi ya embe yenye sukari, uji wa lishe wenye maziwa na siagi ya karanga, bia: vyote vinateremka bila kugusa mgandamizo wowote. Mtu anaweza kuwa na mkanda uliorekebishwa kitaalamu na bado akanenepa kwa vikombe. Hii ni tofauti kubwa na upasuaji wa kukata sehemu ya tumbo, ambao hupunguza pia homoni ya njaa inayotoka kwenye sehemu iliyoondolewa.

Sasa kwenye kiini cha kisa. Wakati Christie anaamua, kulikuwa na taarifa mbili za muda mrefu zinazosema vitu viwili tofauti kuhusu kifaa kilekile.

Ya kwanza ilitoka Brussels mwaka 2011. Jacques Himpens na wenzake waliwatafuta watu 151 waliowekewa mikanda miaka 12 au zaidi nyuma, wakawapata 82. Karibu nusu ya hao walikuwa wameshatolewa mikanda yao. Kwa wagonjwa 28 kati ya kila 100, mkanda ulikuwa umelila tumbo na kuingia ndani. Waandishi wenyewe walikiri kwamba matokeo si mazuri.

Ya pili ilitoka Melbourne Januari 2013, mwezi mmoja kabla ya upasuaji wa gavana. O'Brien na wenzake walieleza wagonjwa zaidi ya 3,200; wale waliokuwa wamefika miaka 15 walikuwa bado wamepoteza asilimia 47 ya uzito wao wa ziada, yaani zile kilo zinazozidi uzito unaowafaa. Mikanda iliyolila tumbo ilikuwa asilimia 3.4. Lakini hata hapo, mgonjwa mmoja katika wanne alihitaji kufanyiwa upasuaji tena kwa sababu kijisehemu cha juu kilitanuka, na mmoja katika watano kwa matatizo ya poti au mrija.

Mtu anaweza kusema mmoja wao amekosea. Sidhani. Mbinu ya kuupitisha mkanda nyuma ya tumbo ilibadilika katika miaka hiyo na ilipunguza sana kuteleza, hilo ni kweli. Ila tofauti ninayoipa uzito ni kwamba kituo cha Melbourne kilijengwa kwa ajili ya ufuatiliaji: wagonjwa walirudi na kurudi kwa miaka, na kulikuwa na watu wa kuwapokea. Vituo vingi vya Marekani vilijengwa kwa ajili ya upasuaji. Dakika 40 zilikuwa na bei nzuri, kuchoma sindano na kuuliza habari za kikohozi cha usiku hakukuwa na bei. Utafiti uliotolewa mwaka 2017 uliangalia wazee na wenye ulemavu 25,042 wa Marekani waliowekewa mikanda kupitia bima ya serikali ya Medicare. Asilimia 18.5 walifanyiwa upasuaji tena, na kila mmoja wao kwa wastani alirudi karibu mara nne. Karibu nusu ya fedha zote ambazo bima hiyo ilitumia kwa mikanda zilikwenda kwenye upasuaji wa marudio.

Je, Christie alichagua vibaya? Nadhani alichagua vizuri kwa mtu wa hali yake. Kwanza, usalama wa siku za mwanzo. Utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2009 haukuona kifo hata kimoja ndani ya siku 30 kati ya wagonjwa karibu 1,200 waliowekewa mikanda kwa matundu. Kwa mtu mwenye pumu na unene wa kiasi kile, si jambo dogo. Pili, alikuwa na kazi ambayo haikumruhusu kupotea wiki mbili bila maswali. Tatu, na hili ndilo zito, daktari wake alikuwa George Fielding, Mwaustralia aliyekuwa amehamia New York, ambaye mwenyewe alikuwa na mkanda tumboni na ndiye aliyemfanyia upasuaji Rex Ryan, kocha wa timu ya New York Jets, mwaka 2010. Christie alimpata kupitia Ryan. Kwa maneno mengine alipata ufuatiliaji wa aina ya Melbourne, ng'ambo tu ya mto kutoka jimboni kwake, kwa gharama anazoweza kumudu. Mwananchi wa kawaida wa New Jersey aliyeona tangazo la barabarani akaingia kliniki ya kwanza alipata kifaa kilekile na tiba tofauti kabisa.

Kilichofuata kwa gavana kinajulikana. Mwaka ule na uliofuata alipungua kwa macho, suti zikabadilika. Novemba 2013 alichaguliwa tena kwa kura nyingi. Oktoba 2020 aliugua Uviko-19 na kulazwa siku saba katika chumba cha wagonjwa mahututi. Aliandika baadaye kwamba alikosea kutovaa barakoa. Alipogombea urais tena, kwenye kampeni ya 2023, wapinzani wake bado waliufanya mwili wake kichekesho. Hapo ndipo ninapotofautiana na waliomhukumu kwa picha za magazeti, wakisema mkanda ulifeli kwa sababu hakuwa mwembamba. Tiba hii haikuahidi wembamba. Takwimu bora kabisa za Melbourne zinasema nusu ya uzito wa ziada, kwa hiyo mtu aliyezidi kilo 60 anabaki na ziada ya kilo 30 na bado daktari anahesabu kwamba amefaulu, kwa sababu sukari na shinikizo vimeshuka. Dixon alionyesha hilo mwaka 2008 kwa wagonjwa 60 wa kisukari cha aina ya pili ambacho hakijakaa muda mrefu: baada ya miaka miwili, asilimia 73 ya waliopewa mkanda sukari yao ilikuwa imerudi kawaida, dhidi ya asilimia 13 ya waliotibiwa bila upasuaji.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki, kisa hiki kina pande mbili. Kwanza, mkanda usichanganywe na puto linalowekwa hospitali ya Mloganzila, Dar es Salaam, ambalo limeandikwa sana kwenye magazeti. Puto huingizwa kupitia mdomoni, hukaa ndani ya tumbo kwa miezi kadhaa kisha hutolewa. Mkanda hufungwa kwa nje ya tumbo la chakula na umekusudiwa kukaa miaka. Pili, kuna ndugu zetu wanaosafiri kutafuta upasuaji wa uzito nje na kurudi, na wengine wanaorudi nyumbani kutoka Ulaya, Marekani au Ghuba wakiwa na mikanda iliyowekwa miaka ya 2000. Upasuaji wa kukata tumbo nao unataka ufuatiliaji, vitamini na vipimo vya damu, lakini daktari wa wilaya anaweza kuusimamia. Mkanda unataka mtu anayejua kuitafuta poti, mwenye sindano yake, na kumbukumbu ya kiasi cha maji kilichomo. Nisingemshauri mtu anayeishi Mbeya au Kisumu kuwekewa leo, hata akipewa bure.

Aliye nao tayari, na anaendelea vizuri, hana haja ya kukimbilia kuutoa. Awe na karatasi yenye aina ya mkanda, mwaka uliowekwa na mililita zilizomo, na aitaje kwa kila daktari anayemwona, hasa kabla ya upasuaji mwingine au akipata ujauzito, maana huenda maji yakahitaji kupunguzwa. Akianza ghafla kutapika kila kitu, hata maji, au kushindwa kumeza mate yake, au kupata maumivu makali ya tumbo la juu, mkanda unaweza kuwa umeteleza na sehemu ya tumbo imebanwa bila damu ya kutosha. Hiyo ni dharura ya saa, si ya kusubiri kliniki ya Jumatatu. Jambo la kwanza atakalofanyiwa hospitali ni kutolewa maji yote kwenye poti, kisha picha ya eksirei kuangalia mkanda umelala vipi.